Kinyozi hajinyoi: je, mpiga picha hujipiga?



Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata, lakini itabidi isubiri. Majuzi tulimzika mjomba wangu kule Sirisia, na jambo moja dogo lililotokea wakati wa matayarisho limenikaa kichwani mpaka nimeona afadhali niliandike. Msiogope, teknolojia imo. Kamera zimo, programu zimo, na historia ya karibu miaka mia mbili imo pia.

Mjomba alikuwa mpiga picha. Si wa magazetini, bali wa soko. Alikuwa na chumba kimoja cha mabati chenye pazia la maua, kigoda, kioo kidogo na kitana cha wateja, na koti moja jeusi lililoning'inia msumarini kwa ajili ya yeyote aliyekuja kupiga picha ya pasipoti bila koti. Siku ambazo wateja hawakuja alipanda baiskeli akawafuata: Namwela, Malakisi, Chwele, mpaka Lwakhakha kwenye mpaka wa Uganda. Harusi, ubatizo, mikutano ya chifu, siku ya wazazi shuleni. Na ikifika Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara kwetu Wabukusu, hakuonekana nyumbani. Mwaka ukimwendea vizuri alifika hata Kitale kwenye maonyesho ya kilimo, akapiga picha watu wakiwa kando ya trekta ambazo si zao.

Basi tuliketi kutengeneza kijitabu cha mazishi. Zamani kwetu mzee wa heshima alikumbukwa kwa maneno. Siku ya kumuse msemaji alitembea mbele ya watu akieleza ukoo wa marehemu na mwenendo wake, na hakuna aliyeuliza picha iko wapi. Siku hizi maneno bado yapo, lakini jalada la kijitabu linataka uso. Na uso wa mjomba haukuwapo. Tulitafuta kwenye kuta, kwenye albamu, kwenye simu za watoto wake. Tulipata picha za jirani, za ng'ombe wa jirani, za walimu waliokwisha kustaafu. Za kwake tulipata moja tu, ile ndogo ya kitambulisho, na tulipoikuza ifikie ukubwa wa jalada ikawa ukungu wenye masikio.

"Ndivyo ilivyo," akasema mzee mmoja. "Kinyozi hajinyoi." Wote wakatikisa vichwa, kwa sababu mjomba mwenyewe alikuwa akisema kila tukitaka kumpiga: "Mimi picha sipendi. Pigeni watoto."

Sasa mimi ni mtu wa programu, na kazi yangu imenifundisha kuogopa jibu linalokubaliwa na kila mtu haraka hivyo. Nikamwuliza mkaza mjomba kama negativu zake bado zipo. Akaniletea bati la biskuti, limejaa vipande vya filamu vilivyofungwa kwa mpira.

Kwa wale wanaotaka kujua nilivyozisoma bila skana: nilichukua tableti, nikafungua ukurasa mweupe mtupu, mwanga ukawekwa juu kabisa, nikalaza kipande cha filamu juu ya kioo kilichoinuliwa kidogo ili vidoa vya skrini visionekane, kisha nikapiga kila picha kwa simu iliyofungwa kwenye stendi. Halafu programu fupi hugeuza thamani: palipo na 255 panakuwa 0, na palipo 0 panakuwa 255. Filamu ya rangi ina ule wekundu wa chungwa kila mahali, kwa hiyo lazima uuondoe kwanza, la sivyo watu wote watatoka rangi ya samawati kama wamekufa maji. Usiku wa manane nilikuwa na picha elfu mbili na kitu. Nikaipa kompyuta picha ya kitambulisho, nikaiambia: mtafute huyu. Nikaiacha ikimbie mpaka asubuhi.

Wakati inakimbia, tuongee historia.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba upigaji picha ulianza na watu wanaojipiga wenyewe. Mbinu ya Daguerre ilitangazwa rasmi Paris mnamo Agosti 1839. Kabla ya mwaka ule kuisha, kule Philadelphia, Marekani, kijana mmoja wa umri wa miaka thelathini aitwaye Robert Cornelius alisimamisha kamera nje ya duka la taa la familia yake, akafungua lenzi, akakimbia akakaa mbele yake bila kutikisika kwa dakika kadhaa, kisha akarudi kuifunga. Picha ipo hadi leo, nywele zimetimka, mikono imekunjwa. Ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa za uso wa binadamu, na ni ya mpiga picha mwenyewe. Sababu haikuwa majivuno. Nani mwingine angekubali kukaa kama jiwe muda wote huo kwa jaribio ambalo huenda lisifaulu? Mtu wa bei nafuu kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe.

Mwaka uliofuata, 1840, Mfaransa Hippolyte Bayard alijipiga picha akiwa nusu uchi, macho yamefumba, kama maiti iliyotolewa mtoni. Bayard alikuwa amebuni njia yake mwenyewe ya kupata picha juu ya karatasi, lakini serikali ya Ufaransa ilimlipa Daguerre na kumsahau yeye. Nyuma ya picha akaandika maelezo kwamba huyu mnayemwona ni Bayard, amejitupa majini. Alikuwa hai, na aliishi miaka mingi baadaye. Kwa hiyo picha ya pili ninayoitaja ya mtu kujipiga ilikuwa malalamiko.

Yaani hawa waasisi hawakuwa na tatizo lolote na sura zao. Ile "mimi picha sipendi" ilitoka wapi basi?

Tuje nyumbani. Hapa Kenya uso wa mtu wa kawaida haukuitwa kwenye kamera kwa furaha kwanza. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka kumi na sita kwenda juu alipaswa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake ndani ya kibati kilichoning'inizwa shingoni. Picha haikuwamo. Vidole vilitosha, kwa sababu serikali ilitaka kujua mtu ametoroka kwa mwajiri gani, si anafananaje. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilipotungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, walowezi wa Kizungu walikataa katakata kuchovya vidole kwenye wino kama wahalifu. Walichotaka badala yake kilikuwa picha na sahihi. Fikirieni hilo kidogo. Kidole kilikuwa cha mtumwa na uso ulikuwa wa muungwana. Picha ilianza kama heshima, nasi tukaitamani.

Halafu heshima hiyo ikawa wajibu wa kila mtu. Mwaka 1978 sheria ya vitambulisho ilirekebishwa, wanawake nao wakaanza kuandikishwa. Shule, kazi, chama cha ushirika, benki, kila ofisi ikataka picha ndogo mbili. Hapo ndipo wapiga picha wa masoko kama Sirisia walipopata ugali wao wa kila siku. Na picha ya ofisi ina amri zake: kaa wima, tazama hapa, usicheke, inua kidevu, funga kifungo. Nani anatoa amri? Mpiga picha. Chifu mwenyewe akiingia kwenye kile chumba cha mabati alikaa kwenye kigoda na kuambiwa ainue kidevu, na aliinua.

Mtu aliyetoa amri hizo mara elfu anajua kukaa kwenye kigoda ni nini. Anajua pia vitu ambavyo mteja havijui: kwamba mwanga wa juu unazeesha, kwamba lenzi ikikaribia sana pua inakuwa kubwa, kwamba sekunde moja kabla ya kubofya mtu alikuwa mzuri na sekunde ile yenyewe amefumba macho. Nimezungumza na wapiga picha kadhaa wa Bungoma na Kitale tangu mazishi, na wengi wanasema jambo linalofanana. Si kwamba wanajiona wabaya. Ni kwamba hawamwamini aliyeshika kamera, maana wanajua vile wao wenyewe wanavyoweza kumfanya mtu. Daktari akiwa mgonjwa ni msumbufu, na mganga hajigangi, lakini sababu ni ujuzi wake, si aibu.

Kaskazini mwa Uganda, mjini Gulu, kuna studio iliyojulikana duniani kwa jambo ambalo mjomba angecheka akilisikia. Inaitwa Gulu Real Art Studio. Mpiga picha Mtaliano Martina Bacigalupo aliingia pale akakuta lundo la picha za watu wasio na nyuso: wamekaa vizuri, mikono magotini, na mahali pa uso kuna shimo la mraba. Ufumbuzi wa fumbo ni rahisi. Mashine yao ya picha za pasipoti ilitoa nne kwa mpigo, na mteja aliyehitaji moja tu asingelipia nne. Ikawa nafuu kupiga picha moja kubwa, kukata uso kwa kifaa, na kutupa iliyobaki. Bacigalupo alikusanya yale masalio akayatoa kitabu mwaka 2013. Ukiyapanga mezani unaona koti lile lile likirudi juu ya miili tofauti, maana studio iliazimisha koti. Nilipoona hilo nilimkumbuka mjomba na msumari wake.

Sababu ya pili ni hesabu, na hapa wasomaji vijana mvumilie. Filamu ya milimita 35 ilikuwa na picha 36. Mtu mwenye mkono mwepesi aliipakia kwa ubahili akapata 37 au 38. Kila moja ilikuwa pesa, na nyingi zilikuwa zimelipiwa tayari nusu bei. Filamu haikusafishwa mpaka iishe, kwa sababu ukiitoa mapema unatupa kilichobaki. Kwa hiyo mpiga picha wa kijijini kujipiga picha katikati ya filamu ilikuwa sawa na mwenye duka kula mkate wa kuuza. Lakini mwisho wa filamu mambo yalibadilika. Umebakiwa na picha mbili, hakuna mteja mlangoni, na kuna bwana harusi anayesumbua kila siku akitaka picha zake. Unafanya nini? Unazimaliza mbili hizo kwa kupiga chochote, halafu unapeleka filamu mjini ikasafishwe.

Chochote hicho, mara nyingi, kilikuwa mpiga picha mwenyewe. Mfano mkubwa kabisa ni Samuel Fosso. Alizaliwa Kamerun mwaka 1962, akalelewa Nigeria na babu na bibi, na baada ya vita vya Biafra mjomba wake (naam, mjomba!) akamchukua mpaka Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Alipokuwa mtoto alikuwa na ulemavu wa viungo, na nyumbani hawakuona haja ya kumpiga ile picha ya utotoni ambayo watoto wengine walipigwa. Mwaka 1975, akiwa na miaka kumi na mitatu tu, alifungua studio yake. Mchana alipiga wateja. Usiku, baada ya kufunga mlango, picha zilizobaki mwisho wa filamu alizipiga mwenyewe, amevaa suruali pana za mtindo wa wakati ule, miwani, viatu vya kisigino. Alizokuwa akizipeleka nje ya studio alimtumia bibi yake Nigeria, ili ajue kwamba mjukuu yu hai na hali yake ni nzuri. Miaka karibu ishirini ikapita. Mwaka 1994, kwenye maonyesho ya kwanza ya picha za Kiafrika mjini Bamako, zile picha za masalio zikaonyeshwa, na Fosso akawa mmoja wa wapiga picha wanaojulikana zaidi barani. Mwaka 2014 nyumba yake ya Bangui iliporwa wakati wa vita, negativu zikatupwa chini, na wanahabari waliokuwa mjini humo ndio waliookota nyingi.

Kuna sababu ya tatu, lakini hii ni ya wapiga picha wa habari zaidi kuliko wa Sirisia. Kazi yao inawataka wasionekane. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifunika sehemu za kamera yake zinazong'aa kwa utepe mweusi ili watu wa barabarani wasimtambue, na alipopewa shahada ya heshima Oxford mwaka 1975 alishika karatasi mbele ya uso wake ili asipigwe picha. Uso wake ukijulikana, kazi imekwisha.

Lakini kutoonekana kuna gharama yake, na Kenya tunaijua. Priya Ramrakha, kijana wa Nairobi kutoka familia ya wanahabari, alipiga harakati za uhuru katika Afrika kwa ajili ya magazeti makubwa ya Marekani. Aliuawa kwenye vita vya Biafra mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Picha zake nyingi zilikaa Nairobi zimesahauliwa kwa miongo, mpaka ndugu wa ukoo alipozitafuta, na kitabu cha hazina hiyo kikatoka mwaka 2018. Miaka hamsini! Mohamed Amin yeye tulimjua sura, lakini angalieni ilivyotokea. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliamsha dunia nzima, na zilizojaa kwenye runinga zilikuwa nyuso za Korem, si yake. Ilikuwa Juni 1991, ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, likamwua mwenzake wa sauti John Mathai na kumkata Amin mkono, ndipo kamera za wengine zilipomgeukia kwa wingi. Alirudi kazini na mkono wa bandia. Novemba 1996 akafa kwenye ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ikaanguka baharini Komoro. Mpiga picha, mara nyingi, hupigwa picha vizuri akiumia au akifa. Sisi tulikuwa tumefika hatua hiyo hiyo Sirisia, tukiwa na kitambulisho kimoja mkononi.

Haya, turudi kwenye kompyuta.

Kidogo kuhusu jinsi inavyotafuta. Mwaka 2001 Paul Viola na Michael Jones walionyesha njia ya haraka ya kugundua kwamba hapa pana uso: programu inapima mabaka ya weusi na weupe, kwa mfano macho huwa meusi kuliko mashavu. Njia hiyo iliingia kwenye kamera nyingi za kidijitali, ule mraba unaozunguka uso ndio huo. Programu za leo zinakwenda mbele zaidi: kila uso unageuzwa kuwa orodha ya namba, na nyuso mbili zenye namba zinazokaribiana huhesabiwa kuwa za mtu mmoja. Tatizo ni kwamba zilifundishwa kwa picha za nani? Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018 ulipima programu za kampuni kubwa zinazobashiri jinsia ya mtu kutokana na uso. Kosa kwa wanaume weupe lilikuwa hadi asilimia 0.8 tu, na kwa wanawake weusi likafika asilimia 34.7. Na filamu zenyewe, kwa miongo, zilipimwa rangi kwa kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mweupe. Kwa hiyo picha za mjomba zilikuwa zimepunjwa mara mbili, kwanza na filamu, halafu na programu.

Asubuhi ilinipa majibu kumi na tisa. Mengi hayakuwa yeye (mmoja alikuwa padri, na mwingine, Mungu anisamehe, alikuwa mimi). Nikaanza kupekua mwenyewe kwa macho kuanzia mwisho wa kila kipande cha filamu, kwa sababu ya Fosso. Mwishowe nilikuwa na picha saba za mjomba.

Moja ni kivuli chake tu, kimelala kwenye nyasi mbele ya mabinti wa kwaya, kofia na viwiko, ambacho kompyuta haikukiona nami nilikitambua papo hapo. Moja yumo kwenye kile kioo cha wateja, kamera imefunika nusu ya uso. Moja amesimama pembeni kwenye harusi, nadhani mtu alimpokonya kamera kwa mzaha. Na nne ni za mwisho wa filamu, mbele ya pazia la maua, juu ya kigoda. Kamera za wakati ule zilikuwa na kijiti cha kuchelewesha, kwenye lenzi nyingine kimeandikwa herufi V kutokana na neno la Kijerumani, nacho kilikupa takriban sekunde kumi za kukimbia na kukaa. Cornelius hakuwa nacho.

Katika tatu kati ya nne amevaa lile koti la msumarini, amekaa wima, kidevu juu, hacheki. Amejipa zile zile amri. Katika ya nne koti halipo. Amevaa fulana, na anacheka kabisa kwa meno, mkono wake mmoja umetoka ukungu kwa sababu hakuwahi kufika kigodani vizuri kabla lenzi haijafunguka. Ni picha mbovu. Mteja angeikataa.

Sasa niambieni, mtu huyu hakupenda picha? Alijipiga mara nne tulizoziona, na bati lile si kazi yake yote. Nadhani alichokataa ni kitu kingine: kula picha ya mteja, na kukaa chini ya amri ya mtu mwingine. Picha isiyo na mwenyewe ilipobaki na mlango ukiwa umefungwa, alikuwapo. Hakuzichapisha tu. Kuchapisha nako kulikuwa pesa.

Tukagombana kidogo, kwa heshima. Wazee walitaka ya koti. Walisema mtu anazikwa na heshima yake, si na fulana. Binamu yangu alitaka tuchukue ya koti kisha mimi nitie tabasamu kwa programu, maana siku hizi inawezekana, na ni kweli inawezekana, nikakataa. Ndipo mkaza mjomba akaomba aione ile ya nne tena. Akaitazama muda mrefu kwenye simu, akaniambia: "Mpwa wangu, koti hilo ni la wateja. Weka hii."

Tukaiweka. Kwenye mazishi watu walikuwa wakifungua kijitabu na kucheka kabla ya kukumbuka walipo.

Mtasema siku hizi tatizo hili limekwisha, simu ina kamera ya mbele. Kamera hiyo haikuwekwa kwa ajili hiyo, mjue. Simu ya Kyocera VP-210 iliyouzwa Japani mwaka 1999 ilikuwa nayo kwa ajili ya kuongea mkionana, na hata iPhone 4 ya mwaka 2010 iliitangaza kwa hilo hilo. Watu wenyewe ndio walioigeuza, na kufikia mwaka 2013 neno la Kiingereza la picha ya kujipiga lilichaguliwa na Oxford kuwa neno la mwaka. Gharama ya filamu imeondoka, na amri za kigoda pia. Lakini tazameni picha za sherehe ya mwisho nyumbani kwenu, zile nzuri za familia nzima. Kuna mtu mmoja hayumo. Kila familia ina mtu huyo, na kila mtu anadhani hapendi picha.

Kwa hiyo nina maombi mawili, yote ya kiufundi. La kwanza: faili ya picha ya kidijitali ina sehemu ya maelezo iitwayo Exif, na ndani yake kuna nafasi ya jina la aliyepiga. Kamera nyingi zinakuruhusu kulijaza mara moja tu, likaandikwa kwenye kila picha. Lijaze, au mjazie fundi wako wa kijijini. La pili: kama nyumbani kuna bati la negativu za mtu wa aina hii, msitupe. Anzeni kutazama mwishoni mwa filamu.

Nikipata muda nitaweka hapa ile programu fupi ya kugeuza negativu, pamoja na hesabu ya kuondoa rangi ya chungwa. Hifadhidata sehemu ya pili inakuja baada ya hapo, sijasahau. Na kama mnao wapiga picha wa zamani huko kwenu, dondosheni maoni mnieleze: wao wenyewe walipigwa na nani?